Msimamizi wangu namkimbia, na dagaa hawanisubiri

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 26, naishi na mama yangu Ujiji, na nasoma shahada ya uzamili kwa njia ya masafa. Chuo sitakitaja. Kozi nne nimemaliza, nimebakiza mbili, na sambamba nazo natakiwa niwe nafanya utafiti. Nasema "natakiwa niwe" kwa sababu tangu mwezi wa kumi sijaandika mstari hata mmoja wa maana, na sasa tumeingia mwezi wa pili.

Utafiti wangu unahusu akina mama wanaoanika dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi. Nataka kujua dagaa kiasi gani wanaharibika kipindi cha mvua, na kama wanaoanika juu ya chanja wanapoteza kidogo kuliko wanaoanika chini kwenye mchanga. Mada hii nimeichagua mwenyewe. Mama ameanika dagaa tangu sijazaliwa na ada yangu inatoka kwenye hao hao dagaa, kwa hiyo siwezi kusingizia kwamba nilibambikiwa kitu nisichokipenda. Nilipanga madodoso sitini, niyamalize kwa wiki moja.

Kozi zenyewe zinakwenda. Asaimenti ya wiki tatu naiangalia tu kwa siku ishirini, siku ya mwisho nakesha, na alfajiri naipandisha kwenye mfumo dakika chache kabla haujafungwa. Napata B+. Mara moja nilipata A, nikajiona mjanja.

Utafiti ndio ulionishinda. Kila asubuhi naapa kwamba ni leo. Nafungua laptopu, nabadilisha ukubwa wa herufi za kichwa cha habari, narudisha zilivyokuwa. Halafu napakua makala. Nina folda yenye makala 74, jina lake "Za kusoma kesho". Makala yakishapakuliwa nakumbuka mapazia hayajafuliwa. Shangazi, mapazia ya nyumba yetu siku hizi yanafuliwa kuliko nguo za mtoto mchanga, na mama anajisifu kwa majirani kwamba binti yake amekuwa mchapakazi.

Ilianza hivi. Mwezi wa kumi msimamizi wangu, ambaye yuko Dar es Salaam, alinirudishia andiko la utafiti likiwa na maoni 17 mekundu pembeni. La kwanza lilisema tatizo la utafiti haliko wazi. Nikalifunga faili, nikasema nitayasoma nikishatulia. Mwezi wa kumi na mbili akanipigia simu. Nikaitazama inaita mpaka ikakata. Baada ya hapo nikaenda WhatsApp nikaficha ile alama inayoonyesha nimeingia saa ngapi. Sasa hata kumsalimia siwezi, maana nitaanzaje?

Mama alishawaambia wenzake mwaloni kwamba mwanawe atakuja kuwauliza maswali ya chuo. Mchana nampelekea chakula, na kuna mama mmoja mtu mzima, kila akiniona huuliza, "Mwanetu, yale maswali lini?" Namjibu wiki ijayo, mama. Juzi akasema mbele ya wote, "Au na maswali nayo umeyaanika?" Wakacheka. Mama yangu naye akacheka, lakini alicheka akitazama chini. Usiku ule sikupata usingizi.

Nimeshajaribu ratiba. Nilichora moja ya rangi nne, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne usiku, nikaibandika ukutani. Ilidumu siku mbili, na moja kati ya hizo ilikuwa siku ya kuichora.

Kaka yangu anasema mimi ni mvivu tu, nitafutiwe mume. Rafiki yangu ananishauri niahirishe mwaka. Na hofu nyingine ninayo: mwaka 2024 ziwa Tanganyika lilifungwa kwa wavuvi miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Wakifunga tena nitamhoji nani?

Je, mimi ni mvivu? Niahirishe? Na kama nisiahirishe, nianze na kozi au utafiti?

Wa Kesho, Ujiji

*

Marahaba, mwanangu.

Mvivu hafui mapazia. Mwambie kaka yako Shangazi amekataa, na hayo ya kutafutiwa mume ayaweke kando kwanza, hayajawahi kumaliza tasnifu ya mtu.

Nimeisoma barua yako mara tatu na kuna kitu nataka ukione mwenyewe. Kozi umezieleza kwa aya moja tu, na bila maumivu. Dagaa umewaeleza kwa mapenzi. Pale ulipofika kwa msimamizi ndipo barua ilipobadilika sauti: faili limefungwa, simu imeachwa iite, alama imefichwa. Wewe hukimbii utafiti. Unakimbia maoni 17 na mtu mmoja aliyeyaandika. Kila ukifungua laptopu unakutana naye mlangoni, basi unageuka kwenda kufua.

Fuschia Sirois na Timothy Pychyl, wanasaikolojia waliolichunguza jambo hili kwa miaka mingi, waliandika mwaka 2013 kwamba kuahirisha kazi ni suala la kutuliza moyo kuliko suala la saa. Kazi inamletea mtu hofu au aibu, anaiweka pembeni, anapata nafuu ya papo hapo, na mzigo anaachiwa yule atakayeamka kesho. Mapazia ni panadol yako. Ndiyo maana ratiba ya rangi nne haikufua dafu. Ratiba inapanga saa, na wewe saa unazo.

Kwa hiyo dawa ya kwanza haihusu muda hata kidogo. Leo, kabla hujalala, mwandikie msimamizi wako. Najua utakaa na simu mkononi dakika arobaini ukitafuta neno la kuanzia, basi chukua haya yangu:

"Shikamoo Daktari. Nimekuwa kimya tangu mwezi wa kumi. Maoni yako niliyapata, yakanitisha, sikuyafanyia kazi. Kosa ni langu na naomba radhi. Ijumaa ijayo nitakutumia ukurasa mmoja tu, wa tatizo la utafiti, nilioandika upya. Naomba uniambie kama mwelekeo ni sahihi kabla sijaendelea."

Basi. Usiongeze msiba ambao haukutokea. Nimefundisha miaka mingi, na ukihesabu bibi wa wanafunzi ambao sisi walimu tuliambiwa wamezikwa, makaburi ya nchi hii yasingetosha. Msimamizi anaujua uongo huo kabla hujamaliza sentensi. Ukweli mfupi humpunguzia kazi: anajua uko wapi, anajua atarajie nini na lini. Na uone kwamba ujumbe huo hauahidi andiko zima. Unaahidi ukurasa. Ukiahidi andiko zima utarudi kwenye mapazia, mimi nakujua.

Nakujua kwa sababu nilikuwa wewe. Niliposoma uzamili, tayari nikiwa mwalimu na watoto wawili, maoni yalikuja kwa posta kwenye bahasha ya kaki. Niliipapasa, nikaona ni nene, nikaiweka juu ya kabati. Ilikaa huko miezi mitano. Nilikuwa nafuta vumbi juu ya kabati lote, naizunguka. Siku niliyoifungua nilikuta karibu yote ni makosa ya tahajia na nukta, na sehemu moja kaandika kwa kalamu, "Hapa pazuri sana, ongeza." Miezi mitano nimeogopa sifa! Sikuahidi kwamba yako 17 yatakuwa hivyo. Lile la kwanza ni zito kweli. Ila umelisoma hilo moja tu, na yale 16 umeyatungia mwenyewe.

Yachape yote kwenye karatasi, kwa sababu kwenye karatasi hakuna WhatsApp. Chukua kalamu, weka alama pale panapohitaji kusahihishwa tu: tahajia, mwaka uliokosewa, jedwali lisilo na kichwa. Hayo yamalize kwa mkao mmoja. Nadhani utajikuta umebakiza matano au sita yanayotaka kufikiri, na hapo ndipo tukae.

Kuhusu tatizo lisilo wazi, nina wasiwasi kwamba kigugumizi chako ni cha lugha. Tasnifu unaiandika kwa Kiingereza, lakini dagaa umewajua kwa Kiswahili na Kiha, ukiwa umebebwa mgongoni. Sasa unataka kufikiri na kutafsiri kwa wakati mmoja. Jioni moja kaa na mama yako, washa kinasa sauti cha simu, umweleze: mama, mimi ninachotafuta ni hiki. Atakukatiza. Atakuuliza, "Kwani hilo si tunalijua? Wewe unataka kujua nini zaidi?" Mwanangu, hilo swali ndilo lile lile la msimamizi, ila limetoka kwa mtu usiyemwogopa. Ukimjibu mama mpaka akaridhika, tatizo la utafiti limepatikana. Andika ulichosema kama ulivyokisema, kisha ndipo ukigeuze Kiingereza.

Na ujisamehe. Silisemi hili kwa ajili ya kukubembeleza. Mwaka 2010 Michael Wohl na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanafunzi 119 wa mwaka wa kwanza katika chuo kikuu cha Carleton, Kanada. Wale waliojisamehe kwa kuchelewa kujiandaa na mtihani wa kwanza walichelewa kidogo kuliko wenzao kwenye mtihani wa pili. Wasiojisamehe walirudia yale yale. Aibu uliyoibeba tangu mwezi wa kumi haikusukumi mbele hata hatua moja.

Sasa B+ zako. Samahani, nitakuwa mkali kidogo. Zile B+ zimekudanganya, na ile A imekudanganya zaidi. Zimekufundisha kwamba kazi yoyote ina usiku wake mmoja wa kukesha, na ukiwa jasiri utaishinda. Asaimenti inakubali hivyo kwa sababu kila unachohitaji kiko mezani: kitabu, bando, kahawa. Dagaa hawako mezani. Huwezi kukesha usiku mmoja ukaoanisha wanawake sitini, mvua, mitumbwi na giza la ziwa.

Na hizo sitini kwa wiki moja, hapana. Umeishi na mwanikaji miaka 26, hebu tuhesabu pamoja. Mitumbwi inarudi alfajiri. Akina mama wananunua, wanachambua, wanaanika. Ukimsimamisha mtu hapo na dodoso atakumwagia beseni. Wanaanza kupumua kama saa tano, na saa nane wanaanza kugeuza na kutazama mawingu. Unabaki na saa tatu. Dodoso moja, pamoja na salamu, habari za nyumbani na mtoto anayelia, ni dakika arobaini au zaidi. Ukipata watu watatu kwa siku umefanya kazi. Sitini ni siku ishirini, siku za dagaa, siku zisizo na mvua ya kukufukuza.

Usijione mjinga kwa hesabu ile ya wiki moja. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake waliwauliza wanafunzi wa Kanada waliokuwa wanamalizia tasnifu zao watamaliza baada ya siku ngapi. Wakasema, kwa wastani, siku 33.9. Wakaulizwa tena: na kila kitu kikiharibika? Wakasema 48.6. Walimaliza kwa siku 55.5. Yaani hata walipojaribu kuwa waoga, ukweli uliwapita. Kwa hiyo kadirio lolote linalokujia kichwani liongeze zaidi ya nusu yake, kisha ndipo uliandike.

Na hapa nakuja kwenye swali lako la kozi au utafiti. Kalenda yako iko juu ya paa la nyumba yenu. Wavuvi wa dagaa wanavua kwa taa, zamani karabai, siku hizi nyingi za sola, na taa inawavuta dagaa vizuri usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa inakosa nguvu, na mitumbwi inapumzika karibu wiki nzima. Kila siku 29 na nusu mzunguko unaanza upya. Basi wiki ya mbalamwezi ni ya kozi: mwalo umetulia, dagaa wachache, akina mama wana mashamba yao, vikoba vyao na harusi zao. Unafungia mlango, unaandika asaimenti, bila moyo kukuuma kwamba kuna mtu ulipaswa kumhoji. Giza likiingia, asubuhi unakwenda Kibirizi, na kozi unaigusa jioni kidogo tu, saa moja, isipoe. Ratiba ya rangi nne uliitunga wewe, ndiyo maana uliivunja. Hii ya mwezi hakuna wa kumbembeleza.

Tangu sasa hadi 15 Mei una mizunguko mitatu na kitu. Wa kwanza ni wa maoni ya msimamizi na vibali. Wa pili na wa tatu ni wa madodoso, mvua ikiwa bado ipo, na kumbuka mvua ndiyo utafiti wako. Kiangazi kikiingia dagaa watakauka kwa siku moja na huna cha kuuliza. Kile kinachobaki ni akiba ya kuugua, msiba wa kweli, au ziwa kufungwa. Ramadhani nayo itazame kwenye kalenda kabla hujapanga. Mwanamke aliyefunga, juani, saa saba mchana, usimwulize hasara za msimu uliopita.

Vibali! Sijaona neno hilo popote kwenye barua yako, nikashtuka. Kwa kawaida utahitaji barua ya chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha inashuka wilayani, manispaa, kwa mtendaji wa kata, mpaka kwa uongozi wa mwalo. Kila meza ina siku zake, na kuna meza utaambiwa mhusika yuko kikaoni. Wewe ni mtoto wa Kigoma, unajua maharage ya Kasulu yanavyopikwa. Unayabandika asubuhi jikoni, unaendelea na mengine, na ugali wa muhogo unausonga mwishoni. Hakuna mpishi anayesonga ugali halafu ndipo akachambue maharage. Barua ni maharage. Iombe wiki hii chuoni, hata kama andiko bado lina wekundu, uulize wanahitaji nini ili waitoe. Itaiva yenyewe wakati unaandika ule ukurasa mmoja.

Kibali kikishapatikana, huna safari mpya ya kuanza. Umeniambia mwenyewe kwamba kila mchana unafika Kibirizi na sufuria mkononi. Ongeza daftari. Usijiambie "leo nitafanya utafiti", hilo ni neno kubwa, linatisha. Jiambie: nikishamkabidhi mama chakula, kabla sijarudisha vyombo, namhoji mmoja. Mmoja akiisha na mguu bado una nguvu, wa pili. Dodoso lenyewe lijaribu kwanza kwa mama yako, uone maswali gani hayaeleweki, lakini yeye usimhesabu kwenye sitini. Msimamizi atakuuliza, na atakuwa na haki.

Jambo moja dogo la unapoacha kazi jioni. Unaijua Liemba, ile meli kongwe ya ziwa letu. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isiangukie mikononi mwa adui, lakini mafundi walipaka mashine grisi nene kabla ya kuizamisha. Iliibuliwa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927. Wewe kila jioni unazamisha kazi yako bila grisi: unafunga faili pale pale ulipokwama, kesho unafufua kutu. Acha ukiwa bado unajua sentensi inayofuata, na iandike pembeni, hata kwa Kiswahili cha mtaani: "kesho naanza na jedwali la chanja, ile namba ya Machi." Ukifungua asubuhi, mkono unajua pa kwenda kabla hofu haijaamka.

Simu iache chumba kingine. Sina zaidi ya kusema juu ya simu, umeshayasikia yote.

Kuahirisha mwaka? Kwa sasa nasema hapana. Ukiahirisha leo utakuwa umeyahamishia yale maoni 17 mwaka ujao, na utayakuta yamenona. Fanya mambo mawili kwanza: ujumbe kwa msimamizi, na mzunguko mmoja wa mwezi kama nilivyoeleza. Yakishindikana yote mawili, niandikie, tutaongea habari ya kuahirisha kwa heshima yake, maana wapo watu kuahirisha kumewaokoa. Na kama ule usiku wa kukosa usingizi sio mmoja, kama chakula hakishuki na mambo uliyoyapenda yamepoteza ladha, usiniandikie mimi. Nenda hospitali ya Maweni ukaonane na daktari, umwambie vile vile ulivyoniambia. Hofu ya msimamizi naiweza, hiyo nyingine ina wataalamu wake.

Limebaki la mama yako. Alicheka akitazama chini, na wewe ukadhani ameaibika. Labda. Lakini labda naye ana swali ambalo haulizi kwa kuogopa kukuumiza. Mwambie ulivyokwama. Usimweleze maoni 17, mwambie tu, "Mama, niliogopa nikasimama, sasa naanza tena." Mtu aliyeona mzigo mzima wa dagaa unaloa na kuoza, na kesho yake akarudi mwaloni na beseni, hawezi kushindwa kuielewa sentensi hiyo.

Na yule mama wa "umeyaanika", usimkwepe. Ndiye atakuwa wa kwanza kwenye madodoso yako. Mwenye ulimi kama ule hatakuficha hasara yake hata beseni moja, na akishajibu yeye, wengine watajipanga foleni wenyewe. Mchana ukipeleka chakula, mwambie yamebaki kwenye chanja mpaka kibali kitoke.

Mimi usinijibu kwanza. Nijibu siku msimamizi akishajibu.

Shangazi yako